Nilivyomtafuta Mgeni Gatongora

Haya, nakubali: nilikuwa katika siasa.

Kwa miaka mingi nilikana. Mama yangu kule Kakamega alijua kwamba natafiti mafuta ya kupikia, kwamba nazunguka nyumba za watu Thika nikiuliza wanakaangia nini na kwa nini. Kila nilipokwenda kwake alinitolea chupa yake niikague, nami nikainusa, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Majirani wangu wa Ngoingwa niliwaambia natoa ushauri, kazi ambayo mjini kwetu hufanywa na mtu yeyote asiye na ofisi. Ukweli ni kwamba nililipwa na wagombea wa viti kuchunguza ni nani aliye nyuma ya wapinzani wao. Miaka ya mwisho nilitafuta kitu kimoja tu, mkono wa mgeni: pesa kutoka nje, washauri kutoka nje, maneno yaliyoandikwa nje yakaletwa hapa yavae suruali ya Ruiru.

Ninyi vijana mnaonisimamisha barabarani mkitaka niwaingize katika kazi hii, kwa sababu mmesikia ina kompyuta na chai ya hoteli, nisikilizeni kidogo. Chai ipo, hiyo ni kweli. Lakini kazi yenyewe humla mtu kidogo kidogo. Mimi nilifika mahali nikimwona mwanamke sokoni amebeba sukuma wiki nyingi kuliko familia inavyohitaji, najiuliza anawapikia akina nani, na wamelala wapi. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na sikuweza kumwangalia mnunuzi wa mboga bila kumshuku.

Aliyenifundisha ni mtu wa Thika aitwaye Karanja, mwenye koti moja la kahawia na simu tatu. Alikuwa amefanyia kazi kila chama kilichowahi kupita hapa, na vingine viwili kwa wakati mmoja. Msidhani alikuwa na hekima ya kutundika ukutani. Alikuwa na pua. Fulana za kampeni zikigawiwa, yeye aliomba moja, akaenda kando, akauzika uso wake humo. Zilizochapishwa Thika, alisema, hunuka rangi kwa wiki kadhaa. Zilizotoka mbali hunuka kontena.

"Hizi zimevuka maji, Daktari," aliniambia mara ya kwanza. Aliniita Daktari ili kunikumbusha kwamba sikuwa daktari. "Sasa tafuta nani aliyezivusha."

Nilitafuta. Nilijaza ukuta wa chumba changu kwa karatasi na kamba nyekundu, kama nilivyowahi kuona kwenye televisheni. Mwisho wake nikampata: shemeji wa mgombea mwenye fulana zile, anayeleta nguo za bei rahisi na kuziuza Nairobi. Hakukuwa na njama, kulikuwa na shemeji. Liandikeni hilo mahali, kwa sababu mara nyingi mtakachokipata mwisho wa kamba nyekundu ni shemeji.

Sikujifunza. Kampeni iliyofuata nilimfuata mzungu mmoja Ngoingwa. Alikuwa amepanga nyumba karibu na kwangu, anatoka asubuhi na mkoba, anarudi jioni na vumbi. Nikaketi kwenye mkahawa alimokuwa akinywa kahawa, nimeshika gazeti lile lile siku baada ya siku, hata mhudumu akaanza kunionea huruma. Siku moja mzungu akamwita mhudumu, akamnong'oneza jambo. Mhudumu akanijia huku anajizuia kucheka.

"Mathe, mama yangu, yule anauliza kama umeolewa."

Alikuwa mnunuzi wa makadamia. Alidhani namtaka. Karanja aliposikia alilazimika kukaa chini.

"Aca! Hapana!" alisema, akipangusa macho. "Ungekubali tu, Daktari. Ungemchunguza ukiwa ndani."

Nawaeleza haya yote ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani nilipokabidhiwa jambo la Mama Nyokabi.

Wakati huo nilifanya kazi kwa mgombea mmoja wa Ruiru. Jina lake siwapi. Sisi tulimwita Mheshimiwa, kama kila mtu anayetaka kura. Meneja wa kampeni yake alikuwa Kibe, kijana mwenye viatu vya kung'aa na desturi ya kuzungumza akiangalia simu. Juu ya Kibe kulikuwa na mtu tuliyemwita Mshauri. Huyu hatukuwahi kumwona. Aliingia kwenye mikutano kupitia kompyuta, kamera imezimwa, na sauti yake ya Kiingereza haikuwa ya nchi yoyote niliyoweza kuitaja. Ndiye aliyetaka tutafute mkono wa mgeni. Alisema watu wa Ruiru wanaogopa mgeni kuliko wanavyoogopa njaa. Mimi niliandika hayo kwenye daftari langu kwa bidii, na haikunijia akilini kuuliza yeye mwenyewe anatoka wapi.

Ilinijia baadaye kidogo. Siku moja alituletea rasimu ya ahadi za Mheshimiwa, na ya tano ilisema atalinda haki za wavuvi. Wavuvi! Ruiru samaki huja kwa lori, tayari amekaangwa. Ilikuwa wazi kwamba karatasi ile ilikuwa imeshamsaidia mtu mwingine kuchaguliwa, katika nchi nyingine, kando ya maji. Nikamtazama Kibe. Kibe akatazama simu. Mchana wa siku hiyo nilimsimulia Karanja.

"Wewe umetumwa utafute mgeni nje ya boma," akasema, "na mgeni yuko sebuleni, ameweka miguu kwa meza."

"Nifanye nini?"

"Kunywa chai. Lakini hesabu vijiko."

Basi nikaendelea na kazi, huku nikimshuku kila mtu, hata waliokuwa wakinilipa.

Mama Nyokabi lilikuwa jina la ukurasa kwenye mtandao. Hakukuwa na sura, ni picha ya sufuria tu. Aliandika kwa Kiswahili chepesi, na jambo lake lilikuwa moja: kisima cha Gatongora. Watu wa mtaa ule walikuwa wamechanga miaka iliyopita kuchimba kisima, wakawa wanateka maji hapo. Kisha ardhi ikazungushiwa ukuta, na ukuta ukawa wa kampuni, na kampuni ikawa ya binamu yake Mheshimiwa. Mama Nyokabi hakutukana. Aliuliza tu, kila wiki, nani alitia saini. Watu walimsoma kwa sauti kwenye saluni. Mikutanoni walianza kumuuliza Mheshimiwa lile lile swali, kwa maneno yale yale.

"Huyu si mtu," Kibe akaniambia. "Hii ni ofisi. Ipo nje. Nithibitishie, Madam."

Nikamthibitishia. Ushahidi wangu ulikuwa mzuri, na hata leo nausifu. Kwanza, mtandao wenyewe ulionyesha kwamba ukurasa unaendeshwa kutoka nchi moja ya Ghuba. Pili, siku yake ya kuandika sana ilikuwa Ijumaa. Nani Ruiru anapumzika Ijumaa? Lakini jiwe la pembeni lilikuwa jingine, na nililigundua mwenyewe, na nilijivunia hadi nikajinunulia nyama choma.

Mahali pamoja aliandika hivi: "Binti yangu wa kwanza nilimpa jina la mama yangu, na mama yangu alichota maji pale kabla huo ukuta haujazaliwa."

Mimi ni Mluhya. Kwetu jina la mtoto linaweza kutoka kwa marehemu aliyekuja ndotoni, au kwa mtoto mwenyewe: analia, wazee wanataja majina, na akinyamaza kwenye jina moja, basi ni hilo. Lakini nimeishi na Wakikuyu miaka mingi, na kama wahamiaji wengi nilijua desturi zao kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Wa pili ndiye huchukua jina la nyanya wa upande wa mama. Kila mtu hapa anajua. Mwanamke wa Gatongora hawezi kukosea jambo hilo, kama asivyoweza kusahau mlango wake uko upande gani. Kwa hiyo, nikaandika kwenye ripoti yangu, Mama Nyokabi ni mtu wa nje aliyesoma desturi zetu juujuu. Niliandika kweli "desturi zetu". Mluhya mimi.

Mshauri aliifurahia sana ripoti hiyo. Ikaamuliwa kwamba Jumapili, kwenye mkutano mkubwa wa Ruiru, Mheshimiwa atatangaza kwamba maneno ya kisima yanatungwa na maadui ng'ambo, na kwamba wana vibaraka wao hapa hapa. Vijana wa kampeni wakaanza kuulizana vibaraka hao wanakaa wapi. Kibe akaniomba jambo la mwisho: jina, au picha ya nyumba, kama upo mlango wowote Gatongora unaohusika na ukurasa ule.

Jumamosi nikaenda. Sikwenda kwa sababu dhamiri ilinisumbua. Nilikwenda kuongeza ukurasa mmoja wa sifa kwenye ripoti yangu.

Hapa nawapa mbinu moja ya bure. Ukitaka kuujua mtaa, usiulize maswali. Tafuta nyumba ya kupanga. Mtu anayetafuta nyumba huonyeshwa kila kitu: choo, paa, jirani mlevi, na sababu ya mpangaji wa mwisho kuhama. Nilimpata mtunza ploti mmoja, yaani msimamizi wa vyumba vya kupanga vya ua mmoja, kijana mchangamfu mwenye funguo nyingi, nikamwambia nataka chumba karibu na kile kisima.

"Maji ni shida hapo, nisikudanganye," akasema. "Si unasoma Mama Nyokabi?"

Nikajifanya mjinga, jambo ambalo halinigharimu sana.

"Mama Nyokabi ni nani?"

"Ni Waithera! Wa hapa kwetu. Ule mlango wa samawati ni kwa mamake, bibi tunayemwita Cucu Nyokabi. Waithera yuko Ghuba, anafanya kazi ya nyumba. Akiandika, sisi ndio wa kwanza kusoma."

Ploti nzima ilijua. Siri niliyokuwa nimeifukua kwa kompyuta ilikuwa imeanikwa kwenye kamba pamoja na nguo za watoto.

Cucu Nyokabi alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Karibu naye msichana wa darasa la nne hivi alikuwa akisoma kwa sauti. Nilisalimia, nikasema naangalia nyumba. Akanivutia kigoda.

"Keti, maitu, mama yangu. Nyumba hazikimbii."

Nikamuuliza msichana anaitwa nani.

"Nyokabi," akajibu.

"Kama mimi," bibi akasema, akacheka kwa meno machache na furaha nyingi.

"Kumbe! Na jina la nyanya wa upande wa baba?"

Akanitazama kama mtu anayemwona mgeni kwa mara ya kwanza.

"Baba gani? Waithera hakuolewa. Mtoto alizaliwa hapa kwetu, akapewa jina la kwetu. Huko upande mwingine wangempea jina na hawajawahi kumpea hata soksi?"

Niliangalia maharagwe. Kumbe kanuni ina mlango wa pili, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ule wa kwanza na kuufungia mtu nje. Jiwe langu la pembeni lilikuwa mtoto wa darasa la nne mwenye magoti ya vumbi. Na jambo la Ijumaa lilikuwa nini? Siku ya mapumziko ya huko, naye anapata nafasi ya kuandika. Na nchi ya Ghuba? Waithera alikuwa huko kweli kweli, anapiga deki sakafu za watu ili huyu msichana awe na kitabu cha kusoma kwa sauti.

Simu ya bibi ikalia. Alikuwa Waithera, akimjulia hali mama yake kama kila Jumamosi. Bibi akamwambia kuna mama mzuri amekuja kuangalia nyumba na anauliza uliza majina. Akasikiliza. Kisha bibi akaninyooshea simu.

"Anakutaka."

Sauti ilikuwa ya chini; alisema amejificha katika chumba cha kupigia pasi.

"Wewe si wa nyumba. Umetumwa na kampeni, sivyo?"

Ningeweza kukana. Nilikuwa na uzoefu. Lakini yule msichana alikuwa ameacha kusoma.

"Ndiyo," nikasema.

"Wamejua ni mimi?"

"Bado. Wanajua uko nje. Kesho watasema kwenye mkutano kwamba wewe ni adui wa nje na una vibaraka hapa. Wanataka jina na nyumba."

Alivuta pumzi. "Nisikize, dada. Wakala aliyenileta huku ni rafiki wa Mheshimiwa. Jina langu likitajwa, atapigia tajiri wangu simu siku hiyo hiyo. Pasipoti yangu iko kwa kabati ya tajiri, na ufunguo ni wake. Wanaweza kunifukuza bila kitu, ama wakatae nisirudi. Na hao vijana wakifika kwa mamangu, nani atawazuia? Yeye na Nyokabi wako peke yao."

"Futa ukurasa," nikamwambia.

"Nikifuta watajua wameshinda. Na ukuta utabaki." Nikasikia mlango mahali fulani ukifunguliwa kwake. "Chukua namba yangu. Wakianza, niambie mapema nimtoe mama. Madam wa huku ameamka."

Nikaandika namba. Cucu Nyokabi hakuwa ameelewa yote, lakini alikuwa ameelewa ya kutosha. Aliacha maharagwe. "Wewe ni mtu wa nani?" akaniuliza, na hiyo *maitu* ilikuwa imekwisha. Nikaaga vibaya, nikatoka.

Sikuwa nimefika barabarani simu yangu ikalia. Kibe.

"Madam, nimekuweka kwa spika. Mshauri yuko hapa kwa laini. Umepata?"

"Nimepata."

"Poa sana. Kwanza nijibu hii, Mheshimiwa ameuliza mara mbili. Yuko nje ya nchi au hayuko nje ya nchi?"

Vijana, mtu akikuuliza swali la jibu moja, jua ameshalijibu. Ningesema hayuko, mtandao wenyewe ungenisuta. Ningesema yuko, ningekuwa nimesema kweli, na kweli hiyo ingefika kwenye mlango wa samawati kabla ya magharibi. Nilisimama kando ya kibanda cha mahindi, na kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo nilitumia nilichokuwa nimelipwa kujua.

"Yuko nje," nikasema. "Ameenda Ghuba kufua nguo za watu. Ni mzaliwa wa Gatongora."

"Lakini yuko nje."

"Kibe, wewe mkutanoni wanawake hukaa wapi?"

"Mbele. Si unajua tunawapanga mbele kwa sababu ya picha."

"Basi kesho kabla Mheshimiwa hajasema neno ng'ambo, mwambie awaulize hao wa mbele nani ana binti Ghuba. Au dada. Au mke wa ndugu. Ahesabu mikono. Kisha awaambie hao mabinti ni maadui na mama zao ni vibaraka. Nitakuwa pale, nataka kuona atakavyoshuka jukwaani."

Nilisikia sauti ya Mshauri ikiuliza kwa Kiingereza Ghuba ni mbali kiasi gani na Ruiru, na Kibe akimjibu kwa sauti ya chini, maneno mengi. Sauti ile ikauliza jambo jingine. Kibe akajibu: wengi, wengi sana, karibu kila ploti. Mwenye kibanda akaniuliza kama nataka la kuchoma au la kuchemsha. Nikamwashiria angoje.

"Sawa," Kibe akasema hatimaye. "Hiyo ya ng'ambo imetoka kwa hotuba. Nimeifuta hapa unanisikia. Vijana nitawaambia hakuna kitu Gatongora, wabaki kwa jukwaa."

"Na nyumba?"

"Nyumba gani? Hakuna nyumba." Akashusha pumzi, nikamsikia akianza kutembea, viatu vile vikigonga sakafu, na sauti yake ikabadilika, ikawa tamu. "Lakini Madam, Mshauri ana wazo. Anasema mtu kama huyo ni mzuri sana. Mama, mchapa kazi, anatuma pesa nyumbani. Diaspora wanapendwa. Si anaweza kutuandikia sisi? Nitumie namba yake."

Dakika chache tu zilikuwa zimepita. Waithera alikuwa ameingia katika simu ile kama adui wa taifa na sasa alikuwa anatoka kama diaspora, na bado alikuwa katika chumba kile kile, anapiga pasi.

"Sina namba yake," nikasema, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu. "Na Jumatatu usinipangie kazi. Tafuta mwingine."

"Madam, usikasirike. Unaenda wapi sasa?"

Nikakata simu, nikageuka kurudi kwenye mlango wa samawati, kumjibu Cucu mimi ni mtu wa nani.